Istikhara ya Mwantum

Mwantum alijua maji yamefika kabla hajayaona. Alisikia harufu yake, ya matope na majani yaliyooza, akiwa bado ameketi juu ya mkeka baada ya swala ya alfajiri. Alikunja mkeka, akafungua mlango wa nyuma, akakuta ua wote unang'aa. Vifaranga vya samaki vilikuwa vinaogelea kati ya mafiga.

Alisimama kizingitini. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda kidogo kidogo tangu mvua zianze. Lilimeza kwanza vibanda vya ufukweni, halafu barabara ya chini, halafu nyumba za mstari wa mbele, ambazo sasa zilionekana mapaa tu na vichwa vya migomba. Majirani waliondoka mmoja mmoja, wengine wakiwa wamebeba milango na mabati yao kichwani. Katika kipande chao cha mtaa wa Kibenga zilibaki nyumba mbili zenye watu. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ya Mzee Népomuscène, mtumishi wa serikali aliyestaafu, aliyekaa na mkewe Consolate kwenye mwinuko nyuma ya ukuta wao.

Maji yenyewe hayakumtisha Mwantum sana kama vile vilivyokuja pamoja nayo. Wiki iliyopita kiboko alikuwa amepanda mpaka mtaa wa pili, akamvunja mguu mlinzi mmoja aliyekuwa anatoka kazini. Tangu hapo, kila majani yalipotikisika, Mwantum aliacha alichokuwa anafanya akasikiliza. Alikuwa anahesabu sauti za nyumba yake kama mgonjwa anavyosikiliza moyo wake.

Watu walimuuliza kwa nini bado yuko pale. Jibu lilikuwa kitandani, chumba cha mbele. Mama mkwe wake, Bi Saliha, alikuwa amepooza upande mmoja, na alikuwa amekataa kuondoka.

"Nyumba hii mwanangu alinijengea," alisema kila mara. "Mi siondoki. Tajudini atanitafuta wapi?"

Tajudini alikuwa fundi wa malori. Mwaka uliopita aliitwa kwenda kutengeneza lori lililokwama barabara ya milimani, na alipokuwa chini yake, lori likarudi nyuma. Waliomleta hawakutaka Mwantum amwone. Alimwona hata hivyo. Baada ya mazishi alibaki na binti mmoja, Mwanne, aliyekuwa na miaka kumi na tano, na mama wa marehemu, na nyumba ambayo kila tofali lake Tajudini alilipanga kwa mkono wake, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko.

Shemeji yake Amissi, mdogo wake marehemu, aliyekaa mtaa wa Buyenzi, alimwambia kuna chumba kwake. Mwantum hakujua la kufanya. Akimburuta mama mkwe kwa nguvu, je, mzee akifa kwa huzuni? Akibaki, je, maji? Basi akaswali istikhara, rakaa mbili na dua ya kumwomba Mungu amchagulie: kama kuna heri mbele amfungulie, kama kuna shari amgeuzie njia. Kwao, alipokuwa mdogo, alifundishwa kwamba baada ya dua hiyo mtu huota ndoto. Akalala akingoja ndoto. Aliota lori. Akaswali tena, akaota tena lori. Mara ya tatu hakuota kitu, akaamka na hofu ileile aliyolala nayo.

Sasa maji yalikuwa uani.

Alimpigia Amissi simu. "Shemeji, leo tunatoka. Njoo na gari."

"Mafuta hakuna, shemeji," Amissi akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Toka jana niko kwa foleni, na pompu haijafunguliwa. Ningojee. Nikipata tu, nakuja."

Mwanne alikuwa ameshavaa sare. Mwantum alimvusha ua mpaka kwenye geti, akamshika mabega. "Ukitoka shuleni nenda moja kwa moja Buyenzi, kwa baba yako mdogo. Usirudi huku. Umesikia?"

"Na Bibi?"

"Bibi tutakuja naye. We nenda."

Binti aliitika, lakini alipofika pale maji yalipoishia aligeuka akaangalia nyumba kwa muda mrefu.

Mpaka saa sita Amissi hakuwa amefika. Mawingu yalishuka kutoka milimani yakiwa meusi, na upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa Kongo, ukilisukuma ziwa kuelekea mjini. Mvua iliponyesha haikuwa na matone, ilikuwa pazia. Mwantum alikuwa ameweka magunia ya mchanga mlangoni. Aliyaona yakilainika, yakizama, halafu maji yakaingia taratibu chini ya mlango, yakazunguka miguu ya meza, yakafika kwenye kitanda cha Bi Saliha.

"Mama, tunaondoka," alisema.

"Mi nimekwambia..."

"Mama, samahani. Leo sikuulizi."

Hakuwahi kumjibu hivyo maisha yake yote. Bi Saliha alimtazama, na kwa mara ya kwanza Mwantum aliona kwamba mzee naye alikuwa anaogopa, pengine kwa siku nyingi. Alimkalisha, akajigeuza, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mkono wake mzima ulizunguka shingo ya Mwantum.

Uani maji yalifika magotini, halafu mapajani. Mwantum alikwenda kwa kupapasa, akivuta mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye geti. Akafungua komeo, akasukuma. Geti halikusogea. Matope yalikuwa yamejaa upande wa nje. Akasukuma kwa bega, akavuta, akapiga kwa jiwe. Chuma kililia tu. Nje ya geti kulikuwa na njia inayokwenda barabara ya lami, njia pekee aliyoijua, na alikuwa anaweza kuiona kupitia upenyo, mita chache tu kabla haijapanda na kukauka.

Alianza kulia. Si kwa huzuni, kwa hasira. "Nimekuomba njia," alisema kwa sauti, uso juu, mvua ikimwingia mdomoni. "Nimekuomba njia, nawe unanifungia mlango."

Mwantum alihisi pumzi ya Bi Saliha shingoni, fupifupi na ya moto.

Ndipo akasikia mtu anamwita. Mzee Népomuscène alikuwa juu ya ukuta wa nyuma, koti lake la mvua likipepea, na alikuwa ameteremsha ngazi ya miti upande wao.

"Mama Mwanne, acha hiyo mulango. Kuja huku."

Kurudi nyuma, kupita tena ua mzima, kulionekana kwa Mwantum kama wazimu. Lakini hakukuwa na njia nyingine. Alipita ubavuni mwa jiko la uani, banda dogo la matofali mabichi lililosimama karibu na ukuta wa nyuma, na akaona kwamba matofali ya chini yalikuwa yanaanza kuyeyuka kama sukari. Alipanda ngazi ikitetemeka chini ya uzito wa wanawake wawili. Mzee Népomuscène alimvuta Bi Saliha kwa makwapa, Consolate akampokea chini, upande wa pili, na wote wanne wakawa kwenye nchi kavu, wakihema.

Mwantum alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa ukuta, akaangalia alikotoka. Upande wa mbele, nje ya geti, katika ile njia aliyokuwa anaililia, kitu cha kijivu kama jiwe kubwa kilikuwa kinasogea ndani ya maji. Kikatoa masikio. Kikapumua.

Alikaa pale pale matopeni. "Alhamdulillahi," alisema, na tena, na tena, meno yakigongana.

Consolate alikuwa amemfunika Bi Saliha kwa shuka na anampa maji ya moto, wote wakiwa ndani nyumbani kwake, simu ya Mwantum ilipolia kwenye mfuko wa plastiki kifuani.

"Shemeji, nimepata mafuta," Amissi alisema. "Mko wapi? Mwanne yuko nanyi?"

"Mwanne? Mwanne si yuko kwako?"

"Alipita hapa nyumbani. Shule wamewafungulia mapema sababu ya mvua. Wenzake walimwambia Kibenga imezama. Ameacha mkoba, akasema anakwenda kumchukua Bibi. Nilikuwa bado kwa foleni, ni watoto wameniambia."

Simu ilianguka. Mwantum alikuwa ameshatoka nje.

Alimwona kabla hajafika ukutani. Mwanne alikuwa juu ya bati la jiko la uani, amepiga magoti, sare yake imegandamana na mwili. Alikuwa amefika kwa njia ya mbele. Kiboko alitokea nyuma yake, kati yake na barabara, binti akarukia geti, akapanda juu ya ukuta wa pembeni, akatembea juu yake mpaka kwenye bati la jiko. Ukuta ule ulikuwa umelowa. Nyuma yake ulianguka kipande kizima, na kiboko akaingia uani kupitia pale palipobomoka. Sasa alikuwa anazunguka taratibu kati ya nyumba na jiko, mgongo wake ukikwaruza ukuta wa chumba cha Bi Saliha.

"Bibi," Mwanne alikuwa anaita, akielekeza uso kwenye nyumba. Hakujua kwamba nyumba ilikuwa tupu.

Mwantum alitaka kuruka. Alikuwa ameshaweka mguu juu ya ukuta Mzee Népomuscène alipomkamata mkono.

"Ukiingia majini, umekufa, na mutoto naye amekufa," alimnong'oneza. "Mimi nimezaliwa huku ziwani. Imvubu, huyu kiboko, hataki mutu akate njia yake ya kurudi. Anataka kutoka. Umuachie atoke."

"Na jiko? Angalia jiko, Mzee. Linaanguka."

Mzee aliangalia. Bado alikuwa amemshika mkono.

Mwantum aliinua kidole mdomoni, akangoja mpaka binti yake alipogeuka. Macho yao yalikutana. Akamwonyesha kwa ishara: nyamaza, usisogee, Bibi yuko hapa. Uso wa Mwanne ulikunjamana, na kwa dakika moja Mwantum aliogopa kwamba atalia kwa sauti. Lakini binti alijiuma mkono, akanyamaza.

Nyuma yake Mwantum alisikia Consolate ameanza kusali rozari kwa Kirundi, taratibu. Na kutoka ndani, kupitia dirisha lililo wazi, alisikia sauti ya Bi Saliha, ile sauti yake iliyopinda tangu apooze, ikisoma Yasini. Yeye mwenyewe hakuwa na dua. Aliitafuta akaikosa. Muda mfupi uliopita alikuwa ameshukuru kwamba geti halikufunguka, na lile lile geti lililomwokoa yeye ndilo lililomwacha mwanawe upande wa pili. Alimwona Tajudini chini ya shuka. Alifikiri, kama ni hivi, basi nichukue mimi. Halafu hata wazo hilo likaisha, likabaki neno moja tu, kama la mtoto anayeshikwa mkono gizani: niongoze. Hakuomba kujua mambo yatakwishaje. Aliomba ajue la kufanya sasa hivi.

Kona moja ya jiko iliteleza majini. Bati likainama. Mwanne aliteleza kidogo akashika ukingo, na kiboko, aliyeshtuliwa na kishindo, aligeuka akafungua kinywa kuelekea lile jiko. Mwantum aliona meno yake. Aliona pia, kwa sababu alikuwa anaangalia chini ili asiyaone tena, kwamba ngazi ya miti ilikuwa bado imeegemea ukuta, pale miguuni pake, upande wa uani.

Hakujieleza. Aliinama juu ya ukuta, akaishika ngazi kwenye ncha ya juu, akaanza kuivuta juu. Mzee Népomuscène alielewa, akashika naye. Waliivuta bila sauti, wakailaza juu ya ukuta, halafu wakaisukuma mbele hewani, kidogo kidogo, kuelekea bati la jiko. Ilikuwa nzito, ncha yake ikashuka, ikakaribia kugusa maji. Consolate aliacha rozari ikining'inia shingoni, akaja kukalia mwisho wa ngazi kwa uzito wake wote. Ncha ikapanda. Ikagusa bati, ikatoa mlio mdogo.

Kiboko alitikisa masikio.

Mwantum alimwonyesha binti yake mikono yake miwili, akaifungua, akaifunga: shika, tambaa. Mwanne alitingisha kichwa kukataa. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba bati lote lilitetemeka naye. Mama hakuweza kumwita. Hakuweza kumbembeleza. Aliweza tu kumtazama, na alimtazama hivyo, mikono imenyooshwa, uso hauna hata dalili ya hofu iliyokuwa inamtafuna ndani. Baadaye hakujua uso ule aliupata wapi.

Mwanne aliweka mkono mmoja kwenye ngazi. Halafu wa pili. Akalala kifudifudi, akaanza kutambaa. Ngazi ilipinda. Chini yake maji yalisogea na mgongo wa kijivu ukapita karibu sana hivi kwamba Mwanne alifumba macho. Alibaki hapo katikati, hasogei mbele wala nyuma, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Sauti ya Bi Saliha dirishani haikusimama. Halafu binti akafungua macho, akaangalia mikono ya mama yake, akasogea. Mwantum alimshika viganja, akamvuta juu ya ukuta, wakaanguka pamoja chini, upande wa nchi kavu, ngazi ikifuata juu yao.

Walikuwa bado wanakumbatiana pale chini jiko lilipoanguka lote. Kiboko alitoka kwa kasi kupitia ukuta uliobomoka, akiacha wimbi lililopiga mlango wa mbele na kuufungua, akarudi ziwani alikotoka.

"Nilifikiri Bibi yuko peke yake," Mwanne alisema hatimaye.

"Nyamaza, mwanangu," Mwantum akasema. "Nyamaza sasa."

Amissi alifika mpaka mahali magari yalipoweza kufika, akawachukua wote watano. Usiku ule walilala Buyenzi, wamebanana. Siku chache baadaye nyumba ya Tajudini iliinama upande wa ziwa, na wiki iliyofuata haikuonekana tena. Hakuna kilichookolewa isipokuwa nguo walizovaa, na mabati mawili ambayo Mzee Népomuscène aliyakuta yamenasa kwenye migomba, naye akawapelekea. Yeye na Consolate walihamia Kamenge kwa mtoto wao. Dada yake Consolate, Rosette, alikuwa na vyumba viwili Mutakura, mbali na ziwa, na aliwapa Mwantum na watu wake wakae humo mpaka watakapojiweza. Mwantum alianza kukaanga sambusa karibu na soko. Mwanne alirudi shule, ingawa kwa muda mrefu alikuwa analala akiwa ameshika nguo ya mama yake.

Bi Saliha hakuuliza habari za nyumba. Siku moja mchana, Mwantum akiwa anamsugua mguu uliopooza kwa mafuta, mzee alisema, "Unanichukia?"

"Kwa nini, Mama?"

"Nilikuchelewesha. Karibu mutoto afe sababu ya nyumba."

Mwantum aliendelea kusugua. "Mimi nilikuwa nangoja ndoto," alisema baada ya muda. "Naswali, naomba nioneshwe, nalala nangoja. Na siku ile, kwenye geti, nilimtukana Mungu. Ulisikia."

"Nilisikia. Nilikuwa mgongoni kwako."

"Basi?"

"Basi ukageuka ukaenda kwenye ngazi." Bi Saliha alifikiri kidogo, kwa sababu maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Mimi mume wangu alinifia. Watoto wanne walinifia, wa mwisho kunifia ni Tajudini. Sikuota kitu hata mara moja. Niliomba, nikaamka, nikafanya lililokuwa mbele yangu. Sijui kama kuna istikhara nyingine."

"Na hofu je? Huwa inaisha?"

"Apana," alisema mzee. "Mi bado naogopa. Sasa hivi naogopa. Hamia mguu mwingine, huu umechoka."

Mvua ya kwanza kubwa tangu wahamie Mutakura ilinyesha alasiri ya siku hiyohiyo. Ilipiga mabati kwa kishindo, na kijito cha maji mekundu kikaanza kupita mbele ya mlango. Mwanne aliacha daftari lake, akasimama katikati ya chumba. Mwantum aliweka chini chupa ya mafuta. Alifungua mlango, akatazama mpaka alipohakikisha maji yanateremka kwenda mfereji, hayaingii. Halafu akanawa, akatia udhu, akamwita binti yake wasimame pamoja. Alianza swala moyo ukimwenda mbio, na ulikuwa bado unakwenda mbio alipoinama kusujudu.